UZI: Taa ya kioo na shaba ya miaka ya 1950, haina alama hata moja. Ilizaliwa taa au ni chombo cha maua kilichotobolewa?

#1 MkusanyaKandili
Wakuu, salaam. Nakusanya taa za mezani za kati ya 1945 na 1970, zile za kioo na shaba ya njano, na sasa nina moja inayoninyima usingizi. Mwili wake ni kioo kizito chenye umbo la tone, rangi ya kijani imezama ndani ya kioo kisicho na rangi. Shingoni kuna kikofia cha shaba, chini kuna kitako cha shaba, na bomba jembamba lenye meno linapita katikati ya kioo kutoka kitakoni hadi kwenye holda ya balbu. Muhuri hakuna, kibandiko hakuna, sahihi ya kuchongwa hakuna.

Muuzaji aliiita "Murano", kisiwa cha Venice kinachosifika kwa kioo, na akaishia hapo. Dai langu ni kwamba kioo hiki kilitengenezwa kuwa chombo cha maua, kisha mtu mwingine akakitoboa chini na kukivisha shaba. Kingo za tundu la chini ni za kijivu, zimekwaruza, hazikung'arishwa kabisa. Nionesheni kama nimepotoka. Na swali la pili: kwa nini taa nyingi nzuri za miaka ile hazina jina la mtengenezaji?

#2 Mlezi wa Vioo
Kingo za kijivu peke yake hazithibitishi chochote, mkuu. Hata kiwandani tundu lilitobolewa kioo kikiwa kimeshapoa, kwa zana ya kusaga na maji, na kwa kuwa kitako cha shaba kingelifunika hapakuwa na sababu ya kulipa mtu alisugue ling'ae. Angalia mambo mawili mengine. Kwanza, kovu la fimbo: pale kioo kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya fundi, chini katikati, mara nyingi husagwa na kung'arishwa hadi kuwa kidimbwi laini. Kama tundu limekata katikati ya kidimbwi kilichokwisha kung'arishwa, mtu alimaliza chombo kwanza, wazo la taa likaja baadaye. Pili, mulika ndani utafute mstari mweupe wa chokaa. Maua hukaa ndani ya maji, na maji huacha alama.

#3 ShabaTupu
Kabla ya kioo, shaba. Umeweka sumaku?

#4 MkusanyaKandili
@ShabaTupu nimeweka, hainasi popote, kitakoni wala shingoni. @Mlezi wa Vioo kidimbwi kipo na tundu linapita katikati yake. Chokaa sijaiona, ila kioo ni kinene na kijani kinameza mwanga, kwa hiyo siwezi kuapa.

#5 ShabaTupu
Vizuri, lakini sumaku hufichua kitu kimoja tu: chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kuna mdanganyifu mwingine, zinki iliyomiminwa kwenye kalibu kisha ikapakwa utando wa shaba, nayo sumaku haiigusi. Geuza kitako uangalie upande wa ndani. Shaba iliyokandamizwa kwenye mashine ya kuzungusha ina duara nyembambanyembamba ndani, bati lake ni jembamba, na ukiligonga kwa ukucha linalia. Zinki ni nene, ina mshono wa kalibu, palipochubuka panaonekana kijivu, na mlio wake umekufa. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kwa hiyo popote utakapokwaruza kidogo mahali pa siri rangi inabaki njano hadi ndani.

Wengi humaliza uchunguzi kwenye sumaku na kulipia zinki kwa bei ya shaba. Inaniuma kila ninapoona.

#6 Nyotanjema
Nafuatilia uzi huu. Ninayo inayofanana, ya rangi ya kaharabu.

#7 Bibi Kandili
Wanangu, kuhusu swali la pili la mleta mada. Majina yalikuwepo, lakini yaliandikwa kwenye karatasi. Viwanda vingi vya Murano na vya Sweden vilibandika vibandiko, na kibandiko cha karatasi kwenye kitu kinachofutwa vumbi kila wiki hakimalizi miaka kumi. Venini, kiwanda cha Murano, walikuwa na muhuri wa asidi wa mistari mitatu, "venini murano ITALIA", ila huwekwa chini ya kitako cha kioo. Kioo kikigeuzwa taa, mahali hapo hapo ndipo hutobolewa au hufunikwa na shaba. Mwanangu, umekagua pembeni ya tundu kwa lenzi? Muhuri wa asidi ni hafifu sana, unaonekana ukipuliza pumzi juu yake.

#8 Mtafiti Kimya
Naheshimu maelezo ya Bibi, ila naona sababu nyingine yenye uzito kuliko vibandiko. Taa haikuwa kazi ya nyumba moja. Mmoja alipuliza kioo, mwingine akazungusha shaba, mwingine akanunua vyote viwili, akafunga waya na kofia ya kitambaa, kisha duka likauza kwa jina lake. Sasa nani aweke jina? Marbro ya Los Angeles iliagiza vioo vya Murano ikavifunga taa kwa soko la Marekani. Chombo cha namna hiyo kinaweza kuwa na tundu lililotobolewa katikati ya kidimbwi kilichong'arishwa na bado kikawa taa halali tangu siku ya kwanza ilipoingia dukani. Kwa hiyo swali la #1, "taa au chombo cha maua", lina jibu la tatu: vyote viwili, ndani ya mwaka huohuo.

#9 Kijukuu
Kuna sababu ya tatu ya kukosa jina: kuigana. Nendeni kwenye kesi ya Sears dhidi ya Stiffel, Mahakama Kuu ya Marekani, 1964. Stiffel ya Chicago ilikuwa na taa yake maarufu ya mezani, Sears, wale wenye maduka makubwa, wakatoa inayofanana nayo kwa bei ya chini kabisa. Mahakama ikasema kama hataza si halali, sheria ya jimbo haiwezi kumzuia mtu kunakili. Tangu hapo kila mtu akanakili na kuuza bila jina.

#10 Mtafiti Kimya
@Kijukuu kesi ni hiyo, lakini taa haikuwa ya mezani. Ilikuwa taa ya mlingoti, ile inayosimama wima kati ya sakafu na dari. Siku hiyohiyo mahakama iliamua na kesi ya Compco dhidi ya Day-Brite, nayo ya vifaa vya taa. Ni kweli uamuzi ule ulifungua mlango wa kunakili maumbo, ila hauwezi kueleza taa zisizo na jina za 1952. Hazikuisubiri mahakama.

#11 Kijukuu
Ahsante kwa marekebisho ya mlingoti. Ila kuigana kulikuwepo kabla ya 1964, ndiyo maana Stiffel walikwenda mahakamani. Hoja yangu nabaki nayo.

#12 Fundi Nyaya
Mnajadili mahakama, na hakuna aliyemuuliza mwenye taa kama anaiwasha. Ndugu, waya ni wa aina gani? Kama ni ule wa kuvishwa uzi wa kitambaa wenye mpira ndani, usiuchomeke. Mpira wa miaka ile hukauka, hupasuka ukikunjwa, na ndani ya bomba huwezi kuona. Waya uchi ukigusa bomba, basi kitako, kikofia na holda vyote vina umeme, na mkono wako wa kwanza utatua kwenye shaba.

Badilisha waya, weka kipande cha plastiki kwenye mdomo wa bomba ili kingo za shaba zisikwangue, na kama waya mpya una mstari wa ardhi, ufunge kwenye shaba. Waya wa zamani na plagi yake weka kwenye mfuko wenye maandishi. Havipungui thamani vikiwa mfukoni.

#13 Mpenda Asili
Hapo kwa Fundi natofautiana kidogo. Taa yenye waya wake wa asili, swichi yake ya asili na plagi yake ni hati ya kihistoria. Mimi siziwashi kabisa, nazitazama mchana. Ukibadilisha waya leo, kesho holda, keshokutwa bomba, mwisho umebaki na kioo tu.

#14 Fundi Nyaya
@Mpenda Asili taa isiyowashwa ni sanamu. Max Ingrand, yule mchoraji wa taa, hakuchora kioo cheupe kama maziwa ili kitazamwe mchana.

#15 Nyotanjema
Hahaha, Fundi kawaka mwenyewe leo.

Huyo Ingrand ndiye aliyeanzisha Fontana Arte, ile kampuni ya taa ya Italia?

#16 Bibi Kandili
Hapana, mwanangu. Fontana Arte ilianzishwa 1932 na Luigi Fontana pamoja na Gio Ponti, na Pietro Chiesa akafuata muda mfupi baadaye. Ingrand, Mfaransa, alichukua uongozi wa sanaa 1954, na mwaka huohuo akachora taa ya mezani namba 1853, ambayo kitako chake na kofia yake vyote ni kioo cheupe chenye ukungu. Bado inatengenezwa. Kwa mkusanyaji hili ni muhimu kuliko mnavyodhani: ukiona 1853 inauzwa kama ya miaka ya 1950, huulizi kama ni bandia, unauliza ni ya lini. Angalia holda, waya na skrubu, kwa sababu umbo la kioo halitakwambia tarehe.

#17 Mlezi wa Vioo
Turudi kwa mleta mada. Kijani kuzama ndani ya kioo kisicho na rangi ni mbinu ya sommerso: fundi anachukua tonge la kioo cha rangi, analichovya kwenye chungu cha kioo kingine, analitoa likiwa limevaa koti. Kiwanda cha Murano cha Seguso Vetri d'Arte, chini ya mchoraji Flavio Poli, waliifanya kwa ustadi mkubwa miaka ya 1950. Lakini msikimbilie Murano. Kiwanda cha Chřibská cha Chekoslovakia, kwenye michoro ya Josef Hospodka, kilitoa vioo vinene vya rangi mbili ambavyo hadi leo vinauzwa kwa jina la Murano kila kukicha. Na Sweden Carl Fagerlund wa kiwanda cha kioo cha Orrefors alichora taa nyingi za kioo kinene na shaba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940.

Kipimo kimoja kinapunguza orodha. Fungua taa, pima uzito wa kioo kitupu, kisha kining'inize kwenye mzani kikiwa kimezama chote ndani ya maji, bila kugusa ndoo, na hakikisha hakuna hewa iliyonaswa ndani. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti kati yake na uzito wa majini. Kioo cha kawaida cha soda hutoa kama 2.5. Kristali yenye risasi, ile ya oksidi ya risasi 24% na kuendelea, hufika 2.9 au zaidi. Murano kwa desturi hufanya kazi na kioo cha soda.

#18 ShabaTupu
Wakati wa kufungua, shika nati ya chini kwa mkono na si kwa koleo. Bomba ndilo linalobana kioo kati ya shaba mbili. Ukikaza kupita kiasi, au ukifungua kwa nguvu upande mmoja, kioo hupasuka kuanzia tundu kwenda juu. Ukirudisha, weka duara la kizibo au la mpira kati ya shaba na kioo, kaza hadi isitikisike, basi. Nimeona vioo vizuri mno vyenye ufa wa namna hii, na wenye navyo wanadhani vilianguka.

#19 MkusanyaKandili
Nimefungua salama. Gramu 3120 hewani, gramu 1875 ndani ya maji. Yaani 3120 kwa 1245, kama 2.51. Si kristali ya risasi.

Muhuri wa Venini hakuna, Bibi, nimepuliza pande zote. Kitako cha shaba kina duara nyembamba ndani na kinalia. Ila kimeniletea swali jipya: upande wa nje una madoa ya kahawia kama ramani, katikati ya madoa panang'aa kama mpya. Nikisugua kwa dawa ya shaba, madoa yanapungua kidogo, sehemu zinazong'aa hazibadiliki hata chembe. Hii ni nini?

#20 ShabaTupu
Hiyo ni vanishi. Shaba ilitoka kiwandani imeng'arishwa na kupakwa vanishi angavu ili isichakae. Palipobaki vanishi pamebaki kama siku ile, palipochubuka hewa imeingia na shaba imekuwa kahawia. Dawa ya kung'arisha haivuki vanishi, ndiyo maana huoni badiliko. Una njia mbili: uache ilivyo, au utoe vanishi yote kwa asetoni (mbali na moto, dirisha wazi, na mbali na kofia ya taa), kisha uamue kuipaka upya au kuiacha izeeke sawasawa.

#21 Mpenda Asili
Aiache. Kila ukisugua unaondoa shaba. Tazama kazi za Paavo Tynell wa Finland, zile shaba zenye matundu madogomadogo ambayo mwanga hupenya na kutawanyika ukutani. Zikisuguliwa mara nyingi, kingo za matundu hulainika na muhuri wa TAITO, kampuni yake, hufutika, na ukishafutika hakuna wa kuurudisha. Rangi ya kahawia ni umri wake halali.

#22 Bibi Kandili
Lakini mwanangu, hata ShabaTupu amekwambia ilitoka kiwandani ikiwa na vanishi. Aliyeichora alitaka ing'ae. Shaba ile iliwekwa pale ili irudishe mwanga wa balbu juu ya kioo. Ikiwa kahawia, kioo cha kijani kinapoteza nusu ya uhai wake. Mimi huzisafisha zangu, kwa mkono mwepesi, na sehemu yenye muhuri siigusi. Taito ilianza 1918 na ikachukuliwa na kampuni ya Idman 1953, kwa hiyo muhuri ule ni tarehe pia.

#23 Mpenda Asili
Hapo kwenye muhuri tuko pamoja, Bibi. Kwenye kung'arisha, tutazeeka tukibishana.

#24 Mtafiti Kimya
Kwa wote wawili, onyo moja: msitumie kitu chochote chenye amonia. Shaba iliyozungushwa au kukandamizwa baridi hubaki na mkazo ndani yake, na amonia pamoja na unyevu huipasua bila kuguswa. Jeshi la Uingereza nchini India liligundua hivyo: risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi zilikuwa zikipasuka maganda yake ya shaba msimu wa mvua, chanzo kikiwa amonia ya mikojo ya wanyama. Maelezo ya kisayansi yalikamilika 1921. Dawa nyingi za kusafishia vioo vya madirisha zina amonia, na watu huzipulizia taa nzima, kioo na shaba kwa pamoja.

#25 Nyotanjema
Hii sikuijua. Ya kwangu ina ufa mwembamba kwenye kikofia cha shingoni, wima, kama unywele. Haijawahi kuanguka tangu niwe nayo.

#26 ShabaTupu
Kama ufa unaanzia kwenye ukingo uliokunjwa, ndiyo wenyewe huenda. Au nati ilikazwa kwa miaka. Usiulehemu kwa moto mkali. Weka duara la shaba jembamba ndani ulisaidie.

#27 Fundi Nyaya
Mleta mada, kwa kuwa taa iko wazi mezani, pima bomba. Hapa ndipo utakapojua ilifungwa wapi. Bomba la Ulaya ni M10, yaani unene wa milimita 10, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1, karibu meno 25 kwa inchi. La Marekani huitwa la 1/8 ya inchi, ila unene wake wa nje unazidi milimita 10 kidogo, meno 27 kwa inchi. Kwa macho ni mapacha. Nati ya M10 kwenye bomba la Marekani hushika mwanzo kisha hugoma. Ukilazimisha unaharibu meno. Nati ya Marekani kwenye bomba la Ulaya huingia ikiwa imelegea.

Na juu ya holda, kulikuwa na upinde wa waya wa kubebea kofia ya taa, wenye kifundo cha kukaza juu? Huo ni mtindo wa Marekani. Ulaya kofia hukaa kwenye pete ya holda.

#28 MkusanyaKandili
Upinde haupo, ila chini ya holda kuna kipande cha bati chenye masikio mawili yaliyosimama, sikujua kazi yake. Na nati ya M10 imezunguka kidogo, ikagoma.

#29 Mtafiti Kimya
Masikio yale ndiyo yanayoshika upinde. Basi imefungwa kwa ajili ya Marekani. Kioo cha soda, sommerso, tundu katikati ya kidimbwi, bomba la Marekani: mimi nasimama na mwagizaji aliyenunua vioo Murano na kuvifunga kwake.

#30 Mlezi wa Vioo
Unaenda haraka, mkuu. Bomba na holda ndivyo vitu vinavyobadilishwa kwa urahisi kuliko vyote. Taa iliyozaliwa Ulaya ikivuka bahari, fundi wa kwanza anaweza kuweka bomba la kwao na upinde wa kwao mchana mmoja. Na hilo la soda linawaacha Chřibská ndani ya orodha vilevile. Hata Sweden hawakupuliza kristali peke yake.

#31 Kijukuu
Au iliigwa. Kitako cha shaba kama hicho kinaweza kuzungushwa na karakana yoyote yenye kalibu ya mti.

#32 Bibi Kandili
Angalia tundu la kitako linalopitisha bomba. Kama lilitobolewa kwa bomba la Ulaya kisha likapanuliwa ili bomba nene kidogo lipite, utaona mikwaruzo mipya ya tupa juu ya shaba ya zamani. Kama ni duara safi lenye rangi ileile ya kahawia hadi ukingoni, bomba hilo limekuwepo muda mrefu.

#33 MkusanyaKandili
Kitako kina duara safi, kahawia hadi ukingoni. Kikofia cha shingoni ndicho chenye mikwaruzo ya tupa, upande mmoja tu.

#34 Mlezi wa Vioo
Basi una shaba mbili zenye historia tofauti. Kikofia kinaweza kuwa kilitoka kwenye taa nyingine. Kilinganishe na kitako kwa rangi ya bati upande wa ndani ambako vanishi haikufika. Mchanganyiko wenye shaba nyekundu nyingi zaidi utaonekana mwekundu zaidi. Na @Nyotanjema, weka picha ya kikofia chako chenye ufa, kipimwe kipenyo. Nataka kujua kama vinaingiliana.

#35 Nyotanjema
Kesho nikipata mwanga wa mchana. Na nitaigeuza nione kama nami nina kidimbwi.